Kipyenga Hakijalia

Jumatatu katapila linakuja.
Nimeambiwa na mlinzi, Chilongola,
aliyenifungulia geti la bati kwa heshima ya zamani,
geti lisilohitaji tena kufunguliwa:
ukuta ulishaanguka upande wa reli
na mbuzi wanaingia bila tiketi,
kama tulivyoingia sisi.

Nimekaa pangu. Benchi la tatu, ncha ya magharibi,
ubao uleule uliochana gauni langu la Pasaka,
nikachapwa na mama, na Jumamosi iliyofuata nikarudi.
Upepo wa Manyoni ni uleule,
haujui kubadili upande kipindi cha pili.
Unachota vumbi golini kwa wageni
unalimwaga machoni mwa kipa wetu,
na kipa wetu, Mungu amrehemu,
alilaumiwa maisha yake yote.

Nina jambo la kudai kabla hawajakuvunja.
Ile penalti ya Ndahani.
Nani ataikumbuka? Tumebaki wanne, na mmoja haoni.
Sifuri kwa sifuri, jua limelala,
vijana wa Saranda wamepiga magoti,
kaka yangu akauweka mpira, akarudi hatua saba,
saba, nilizihesabu,
akaupiga kama mtu anayefukuza nyoka.

Ukapita juu ya mwamba,
juu ya ukuta, juu ya nyaya za simu,
ukadondokea ndani ya behewa la wazi
la garimoshi la mizigo lililokuwa likichechemea kwenda Tabora.
Hatukuwa na mpira mwingine.
Tukasimama uwanja mzima, wachezaji, watazamaji, polisi,
tukausindikiza kwa macho
mpaka behewa la mwisho likawa tundu la sindano.

Refa, mwalimu Mbeleje, akatazama saa.
Akasema: tungoje.
Tukangoja. Giza likaingia, wauza karanga wakafunga vikapu,
Saranda wakapanda lori lao wakiimba kana kwamba wameshinda,
na kipyenga hakikulia.
Naapa. Nilikuwa hapahapa.
Hakikulia.

Miaka thelathini na nane.
Ndahani alifia Urambo, kwenye tumbaku za watu.
Kitandani kila akifumbua macho ananitazama:
"Umerudi?"
Wauguzi wakadhani ananiuliza mimi.
Alikuwa akiuulizia mpira.

Wanasema uwanja mpya uko njia ya Singida,
viti vya plastiki, vya buluu, kila kimoja na namba yake,
nyasi zimeletwa kwa lori zimekunjwa kama mikeka.
Sawa. Nitakwenda, goti likiniruhusu.
Nitakaa kwenye namba nitakayopewa
na nitapiga kelele, maana siku ya mechi
koo langu haliniombi ruhusa.

Lakini wewe,
uliyenifundisha matusi na sala kwa pumzi moja,
uliyemzeesha baba yangu Jumamosi hadi Jumamosi,
nikuage vipi? Nani anaaga
katikati ya mchezo?

Nimemwomba Chilongola aseme na dereva wa katapila
aanzie mashariki, polepole.
Lile goli la upande huu aliache la mwisho.
Chilongola ameitikia kwa kichwa. Kijana huyu
hata hakuwa amezaliwa.

Kuna treni ya mizigo hupita saa kumi na moja, ikitoka Tabora.
Naisikia, bado iko mbali.
Nimepanda juu ya benchi, mtu mzima mimi, na ubao unalia,
natazama mabehewa ya wazi.