Nta Chini ya Pishi

Wazee wa suluhu walikula biriani ya Shekuwe Alhamisi,
Jumamosi wakagawa.
Yeye nyumba ya Mkomani, ghorofa na ukumbi na kisima;
mimi, dada mtu, pishi ya mama.
"Ni kumbukumbu," walisema, wakifuta midomo.
Najua fungu langu ni nusu ya lake, hilo sikulibishia.
Lakini pishi?

Usiku Mwanate akafungua kitabu cha shule
akanisomea habari za Wayunani,
washairi waliokufa kabla Lamu haijachimbwa kisima:
mmoja aliporwa na nduguye, na waamuzi wameshiba.
Nikamwambia, rudia hapo.
Kwao, akasema, Haki ni mwanamwali.
Hakimbii, hatembei upesi,
ila hasahau mlango;
akikuta mdeni amekufa
hukaa kizingitini kumngoja mtoto.

Nikacheka. Basi na aje.
Vichochoro vyetu vyembamba, lakini vyafika kwa Shekuwe.

Kisha nikapima mchele wa kesho.
Vibaba vinne havikuingia.
Vitatu na nusu, pishi ikafurika.
Nikamwaga, nikapima tena, nikatia mkono hadi chini:
laini.
Nta. Nta ya nyuki, kongwe, nyeusi kama kahawa,
na katikati yake alama ya kidole gumba
chembamba kuliko changu.

Mama, uliyeuza barazani miaka thelathini na mbili,
kila kipimo ukikianza kwa bismillahi!

Nusu kibaba kwa Mwana Shali, mjane.
Nusu kibaba kwa Bwana Famau na wanawe tisa.
Nusu, na nusu, na nusu,
ndiyo ghorofa ile, ngazi kwa ngazi,
ndivyo na viatu vyangu vya shule.

Mwanate alikuwa amelala.
Mlangoni hapakuwa na mtu,
nami nikasema, karibu.

Nilikwangua kwa kisu mpaka adhana ya alfajiri.
Kulipokucha nikaijaza pishi, nikaibeba
hadi kwa mjukuu wa Mwana Shali.
"Ya nini?"
"Deni."
"La nani?"
"Pima kwanza."

Kwa kadhi nitakwenda vilevile, kesho, na mashahidi wangu.
Ile nta nimeigawa.
Theluthi mbili nimemfungia Shekuwe kwenye gazeti.
Theluthi yangu ninayo.