Kifusi Kiko Wapi?

Mkaguzi alikuja Alhamisi, kalamu mbili mfukoni,
akavua miwani, akaifuta, akauliza:
"Mama Stoo, kifusi kiko wapi?"

Sikonge nzima inajua jengo likiisha huacha nini:
kilima cha matofali yaliyovunjika, misumari iliyojikunja,
mifuko ya saruji ikipepea kwenye miiba
hadi masika yaichukue.
Kitabu chake kiliruhusu asilimia tano ya upotevu.
Alizunguka ukumbi wa halmashauri mara mbili
asiione hata moja.
Na pale alipokosa hasara, akanusa wizi.

Mimi ni Kalunde binti Mayunga. Nina daftari.
Mlangoni niliandika kwa chaki tangu siku ya kwanza:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nikamwambia, tuanzie chini.

Udongo wa msingi hatukuupeleka popote.
Tuliuchekecha, tukautia saruji kiasi cha kuonja,
tukaushindilia kwa mashine ya mkono
mpaka Doto akaota sugu juu ya sugu.
Ndio huo ukuta unaouegemea, bwana.
Tofali la kuchoma lingedai kuni,
na kuni huku ni mti
ambao nyuki ana haki nao kabla yangu na kabla yako.

Sasa tazama juu.
Mhandisi Nyamizi alituchorea ubaoni:
zege la chini ya slabu halina kazi,
linajibeba lenyewe tu.
Tukacheka; kila mtu alimkumbuka diwani wake.
Basi pale pasipo na kazi tulipanga vyungu,
vile vilivyopasuka midomo vikichomwa,
wafinyanzi wa njia ya Ipole walivyokuwa wakivitupa.
Mia tatu na kumi na viwili. Nimeviandika.

Nondo huja mita kumi na mbili.
Mchoro wa kwanza ulitaka mita nne na sentimita ishirini:
unakata vipande viwili, unabaki na kitu
kisicho mtoto wala mtu mzima.
Nyamizi akakesha na taa ya chaji,
alfajiri akasogeza nguzo zote, sentimita ishirini.
Msumeno mara mbili, vipande vitatu, kwisha.

Mkaguzi aliandika. Akaacha kuandika.
"Na mbao za kumwagia zege?"
Zilitumika mara saba, nikasema, na mara ya nane
ndiyo hiyo benchi uliyoikalia.
Akainuka kidogo, akaitazama, akakaa tena taratibu
kama mtu aliyekalia kofia ya mwenzake.

Sitadanganya. Nguzo ya saba ilitushinda.
Mihayo hakuangalia timazi, kichwa kilikuwa msibani kwa shemeji yake,
tukaimwaga imeinama.
Tuliivunja kwa nyundo siku mbili, hakuna aliyepiga soga.
Vipande vyake viko chini ya mteremko wa viti vya magurudumu,
lakini saruji iliyokwisha kufa haifufuki.
Nimeiandika kwa wino mwekundu: mifuko minne.
Mihayo aliomba nisiandike jina lake.
Sikuliandika. Wewe umelisikia kwangu tu.

Mwisho tukafika stoo. Nikafungua.
Rafu tupu, popo mmoja, ndoo moja ya rangi,
na ndani ya ndoo: nati kumi na tisa,
kipande cha nondo urefu wa kiganja,
penseli ya Nyamizi, fupi kuliko kidole gumba.
"Hiki ndicho kifusi," nikasema. "Tia sahihi."

Aliisukuma ndoo kwa ncha ya kiatu, ikalia.
Alijaribu kalamu ya kwanza. Imekauka.
Ya pili pia.
Akainama, akachukua penseli, akaandika
polepole, kama anayejifunza neno:
ndoo moja.

Aliondoka nayo sikioni.
Nikafungua daftari ukurasa wa mwisho,
nikaandika tarehe, nikaandika: penseli, moja.
Imeazimwa.