Saba

Baba aliajiriwa kwa sababu ya mwandiko wake.
Miaka kumi na minane, mtoto wa Wahungari,
ng'ambo ya mto, Toledo, Ohio.
Tarakimu zake zilisimama wima kama watu kanisani.
Saba yake ilivaa mkanda kiunoni, kama ya kwao;
dalali akamwambia auvue. Akauvua.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
ubao ulikuwa umemeza ukuta mzima.
Mashine chini ya kuba la kioo ilitema utepe,
mtu mmoja akausoma kwa sauti,
na Imre Kocsány akapanda ngazi, akashuka ngazi,
akiandika: reli, shaba, redio,
akifuta: reli, shaba, redio.
Nyuma yake viti vya ngozi na moshi wa sigara,
daktari wa meno, mwenye bucha,
mjane aliyekuja na chakula chake ndani ya kopo.
Dola kumi za mfukoni, tisini za kukopa.
Baba hakuwa na hisa hata moja.
Alikuwa na vumbi. Jioni bibi alilikung'uta
kwenye koti lake kama unga.

Jumanne ile ya Oktoba utepe ulichelewa.
Saa moja. Mbili. Kisha hakuna aliyehesabu.
"Nilikuwa naandika bei za maiti,"
aliniambia mara moja tu maishani.
Iliyofika adhuhuri ilikwisha kufa asubuhi.
Mwenye bucha akamshika mguu pale ngazini:
Kijana, hiyo usiifute.
Akaifuta. Ndiyo kazi aliyolipwa.

Mali bila daftari, husemwa, hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari la ukuta mzima,
na habari kila dakika,
ikapotea vilevile.

Benki ikafunga milango mwaka wa thelathini na moja
na dola arobaini za bibi ndani.
Baba akaenda kiwanda cha vioo, miaka thelathini na minne,
mshahara akiuficha kwenye mtungi wa mafuta ya nguruwe.
Noti zetu dukani zilijulikana kwa harufu.

Mimi nilimsaliti mwaka wa sitini na moja:
wanawake kumi na mmoja, jikoni kwa Dorota Wisniak,
dola kumi kila mmoja kwa mwezi,
ripoti za kampuni kati ya vikombe na keki ya jozi.
Tulinunua kampuni ya majokofu
kwa kuwa jokofu la Dorota halijawahi kuharibika.
Huo ndio ulikuwa utafiti.
Gawio langu la kwanza: dola moja, senti themanini.
Nikamnunulia glavu. Sikumwambia zilikotoka.

Oktoba nyingine, Jumatatu, themanini na saba.
Tarakimu za kijani zilikimbia chini ya televisheni,
nami nikipiga hesabu ya uzee wangu
nyuma ya bili ya umeme, nikifuta, nikirudia.
Baba akasogeza kiti.
"Nani anafuta?"
Hakuna mtu, Baba. Zinajifuta zenyewe.
Akafikiri muda mrefu.
"Basi hakuna wa kuombwa."

Akapangusa kiganja kwenye suruali, mara mbili,
akanyoosha mkono nimpe kalamu.
Chini ya hasara yangu akaandika saba,
akaifunga mkanda.