Mguso wa Tatu

Mwalimu Pruitt aliingia Malate na masanduku mawili,
moja la Biblia, moja la wavu.
Akasema huu ni mchezo wa makarani wa kwao,
wanaume wenye vitambi
ambao mpira wa kikapu umewachosha mbavu.
Hakuna kugongana, alisema. Wala jasho jingi.
Sisi wafuaji, na mabeseni yetu kando ya ukuta,
tulicheka hadi povu likamwagika:
Manila, mwezi wa Aprili, bila jasho!

Kaka yangu Krispulo alikuwa na miaka kumi na sita
na viganja vya mpakuzi wa mchele.
Siku ya kwanza upande wake uliupokea mpira
ukakataa kuutoa.
Krispulo kwa Isko, Isko kwa Leonsio,
Leonsio nyuma tena kwa Krispulo,
nasi tukihesabu kwa sauti:
arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja.
Ng'ambo ya wavu makarani wa forodha, Waamerika watupu,
wamesimama, mikono inaning'inia
kama mashati yao kwenye kamba yetu.
"Mbona hamwapi?" Mwalimu akauliza.
"Nchi mmeshachukua," Leonsio akajibu,
"mpira subirini kidogo."

Jumamosi iliyofuata tukakuta karatasi mlangoni:
miguso mitatu, kisha uvuke.
Mitatu!
Krispulo alinuna hadi wali ukapoa.
Usiku nikamsikia uani, anarusha balungi gizani,
moja,
mbili,
halafu kishindo.
Asubuhi nilibandua maganda ukutani kwa kisu.

Basi Isko akaupokea chini kwa chini.
Leonsio akauinua taratibu,
kama mtu anayemwinua mtoto aone gwaride.
Na kaka yangu akaruka,
sijui alikanyaga nini hewani,
akautwanga.
Mchi na kinu. Vumbi. Kimya.
Miwani ya karani mmoja ilikuwa majanini,
nzima, inatazama mbinguni.

Vitabu havimtaji Krispulo.
Wengine watakwambia walikuwa vijana wa Cebu,
wengine wa Pampanga. Waache.
Wajukuu wangu wanaruka vivyo hivyo shuleni
wakidhani mpira ulizaliwa na mabawa.
Mimi najua tu kwamba walitupimia mitatu
wakadhani wametupunja,
na kwamba ukuta wetu
ulinukia balungi mwezi mzima.