Dirisha la Kumi na Moja

Skrini yangu imegawanywa madirisha kumi na mawili.
La kwanza ni lango. La pili ni lango lilelile, kwa nyuma.
La tatu ni paka wa duka la mikate,
ambaye kampuni imemlipia kamera bila yeye kujua.
La nne hadi la kumi: mvua.

Eibar ni mji uliobanwa na milima kama kitu ndani ya jiriwa.
Karakana zimepandiana, ghorofa juu ya ghorofa,
na mvua yetu hainyeshi, inaning'inia tu.
Usiku kamera huiona kama chenga,
nami nalipwa kuzitazama chenga hizo
nihakikishe hakuna iliyovaa koti na kushika mtaimbo.

Dirisha la kumi na moja halinihusu.
Alilifungua Koldo Arizmendi, fundi wa zamu ya mchana:
kamera ndogo kama kidole gumba
ndani ya mashine ya kukereza isiyolala.
"Nikiwa kitandani niione kwenye simu," alisema.
"Wewe, Nekane, yako ni milango."

Yangu ni milango. Sawa.
Lakini macho hayana pazia,
na saa saba ya usiku nani atazame lango
ilhali pembeni yake chuma kinamenywa kama chungwa?
Ganda la buluu linajisokota, linakatika, linaanguka;
maji meupe ya kupozea yanafunika, yanafunua,
na kila dakika nne kipande kipya
kinachomoza kama jino la mtoto.

Baba alikereza ghorofa ya tatu ya jengo hilihili,
enzi ambazo kuangalia kulikuwa ni kuinama.
Aliinama. Alisikiliza kwa visigino:
mashine ikiumwa, alisema, sakafu hujua kwanza.
Vidole vyake viwili vilibaki huko
mwaka aliozaliwa mdogo wangu wa mwisho.
Tangu hapo, akituhesabu mezani, watoto watano,
alitumia mkono wa kushoto.

Jumanne ganda halikukatika.
Lilizunguka mdomo wa kisu, likarudi,
likajikunja juu ya lenzake,
likawa kiota. Kiota kinachozunguka.
Maji yakaanza kufuka moshi.
Picha huchelewa sekunde mbili:
nilichokiona kilikuwa kimekwisha kutokea.

Nikampigia Koldo. Ikaita. Ikaita.
Mkataba wangu, ibara ya tisa:
mlinzi hagusi mashine; mlinzi huandika.
Nikaandika: saa saba na dakika arobaini na mbili.
Nikaiweka kalamu chini.

Ngazi arobaini na nne.
Nilikatiza dirisha la tano, la nane, la tisa,
mwanamke mnene mwenye tochi, anakimbia kwenye chenga.
Yeyote ambaye angekuwa kitini pangu
angesema: mwizi huyo.

Mlango wa karakana. Harufu ya mafuta yaliyoungua.
Nikasimama kidogo, sijui kwa nini,
na sakafu ikanipanda kisiginoni.
Haya, Baba, nimesikia.
Kitufe chekundu nikakigonga kwa kiganja kizima,
vidole vyote vitano.

Kimya chake kilikuwa kikubwa kuliko jengo.

Asubuhi Koldo alirudisha picha nyuma mara tatu.
Kisu kimevunjika, mashine nzima, na pembeni
nyuma ya kioo chenye ukungu, mkono unaingia.
Hakusema asante. Aliniletea kahawa,
akakaa, akaikuza picha ya dirisha la kumi na moja
mpaka la paka likabaki kama stempu.

Meneja ndiye aliyeuliza, kalamu mkononi,
kwa dakika sita zile
lango lilikuwa linatazamwa na nani.

Nikamwambia: paka alikuwepo.