Leseni ya Ndugu Imani

Karani wa kaunti hakuinua macho.
"Jina?"
Nikasema Nduwimana.
Akaandika alichosikia:
Ndugu Imani, muuza njugu, Maweni, Malindi.
Mhuri ukalia kabla sijafungua mdomo;
na kurekebisha, akasema, ni ada nyingine.

Ada nyingine ni debe zima la njugu.
Nikakunja karatasi, nikatoka Imani.

Kwetu Ngozi tunaziita karanga.
Siku mbili nilinadi karanga, karanga,
watoto wakaniiga hadi mlango wa msikiti.
Ya tatu nikasema njugu,
nikamaliza sufuria mbili kabla ya adhuhuri.

Mchanga wa kukaangia niliuchota Sabaki,
nikauchekecha mara saba.
Mteja akitafuna kijiwe hasemi jiwe,
husema Mrundi.

Bi Swafia, mwenye kibaraza,
hataki kodi ya mwezi, ataka ya kila jioni,
"maana nyinyi wageni mna miguu."
Mwaka wa nne huu namlipa kila jioni
na miguu ingali hapa,
imevimba.

Jana alinipa ufunguo wa stoo.
Hakusema neno. Alidai tu ya siku hiyo.

Mama alipopiga simu
akawasikia wateja wakiita, Imani! Imani, za kumi!
"Huyo Imani ni nani? Anakutendea wema?"
Nikaitazama leseni ukutani,
imeingia mafuta, wino umeanza kutambaa.

Ndiye ninayemfanyia kazi, mama.
Hajanifukuza bado.