Mpango wa Nizwa

Nyuma ya bili ya umeme mama ameandika:
Ijumaa. Nizwa. Kwenda na kurudi.
Chini yake kapiga mstari mara mbili,
kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba asiyoiamini.

Leseni yake ina siku tisa.
Pichani amekunja uso,
tayari kumjibu trafiki kabla hajaulizwa.

Kutoka hapa Al-Khudh ni kilomita mia na arobaini na kitu.
Simu yangu inasema saa moja na nusu.
"Simu hiyo inamjua nani?" anauliza.
"Imeniona mimi nikirudi nyuma?"
Kwa hesabu yake ni saa tatu,
pamoja na kusimama Fanja kununua maji
ambayo tunayo,
na kusimama Izki kupumzisha miguu,
yaani moyo.

Halafu saa. Baba anataka tuondoke sita
kwa saa ya hapa. Mama anasema kumi na mbili
kwa saa aliyokuja nayo kutoka Wete,
na sauti zinapanda.
Mgeni angedhani wamekosana.
Ni alfajiri ile ile.

Vipilefti kavihesabu: vinne hadi barabara kuu.
Kavichora kando ya karatasi
kama vitumbua vilivyoachwa sahanini.
Cha tatu kakikolezea wino, hicho ndicho kibaya,
malori ya mchanga huingia humo
kama yaliyoalikwa.

Baba kaipita njia hii miaka thelathini na moja
na lori la maji, mpaka sukari
ikamzimia taa, kwanza ya kushoto.
Anaijua kwa mgongo:
hapa inapanda; hapa, Sumail, upepo utausukuma mlango;
Bidbid inagawanyika, shika kulia,
ukikosea mchana utakula Sur.
Anataka kiti cha mbele.

"Mbele anakaa Harith," anasema mama.
"Wewe utakanyaga breki isiyokuwepo,
na mimi nitasimama katikati ya njia nikutazame."
Baba anacheka. Kisha hacheki.
"Kengele ya gari," anasema, "hulia mia na ishirini."
"Haitalia."
"Basi kamera zote kesho zitalala usingizi."

Safari yenyewe haina jambo:
kumrudishia Bi Zamzam cherehani yake,
iliyokaa kwetu tangu harusi ya Badria,
kula kwake,
kupita soko la mbuzi bila kununua mbuzi
(baba kaapishwa),
na kuwa nyumbani kabla ya magharibi
kwa sababu usiku
taa za wenzake
na hapo mama huacha sentensi ilivyo.

Nikamwambia: mama, mimi nina leseni miaka minane.
Nipe funguo, twende, saa nne tumeshakunywa kahawa ya Nizwa.
Akaendelea kukunja kitambaa cha visheti.
"Najua," akasema.
"Na Jumapili wewe unarudi kazini Duqm.
Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu,
nani anampeleka huyu hospitali?
Hospitali haifiki hata robo ya njia hii.
Nikiiweza Nizwa, ile itakuwa kwenda chooni."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kupima upepo wa matairi,
manne, na lile la akiba,
ambalo hakuna aliyelikumbuka tangu linunuliwe.

Usiku wa manane nikasikia mlango wa gari.
Mama uani, injini imezimwa,
amevaa viatu vya kesho.
Mikono iko pale mwalimu alipoiweka.
Hatazami kitu.

Baba barazani, kwenye giza lake,
akasikiliza kiti kikisogezwa mbele,
nyuma, mbele tena,
mpaka mkanda ulipolia: ka.
"Kioo cha kushoto," akasema,
kwa sauti ya kujisemea.

Akangoja.

Kikalia kidogo, kama mbu,
kikigeuzwa.